Spea za Mzee Kipimo

Wenye magari ya zamani walimwita fundi mmoja Mzee Kipimo, kwa sababu spea aliyoitengeneza iliingia mahali pake bila kugongwa nyundo. Kiwanda kilichounda magari yale kilishafungwa zamani, na dukani ukiuliza spea zake unachekwa. Hapa nchini zilipatikana kwa Mzee Kipimo tu.

Ila Mzee Kipimo alikuwa haoni. Presha ya macho ilimpofusha taratibu, na kwa miaka tisa aliyeshika mashine ya kukereza alikuwa bintiye. Ndiye aliyezunguka kwenye mayadi ya vyuma chakavu, akifukua injini zilizooza ili apate pampu ya maji iliyopasuka, aipime. Alichonga mfano wake wa mti, akaugandamiza kwenye mchanga, akamimina alumini palipobaki umbo, kisha akakereza. Baba alikaa kwenye stuli, akipitisha kidole gumba ndani ya tundu.

"Hapa umekula chuma sana, mama."

"Unywele mmoja tu, baba."

"Unywele mmoja unavujisha maji. Rudia."

Alirudia. Wateja walipopiga hodi, mzee alivaa miwani myeusi na kukamata tupa, binti akaenda kuwaletea maji ya kunywa. Walikubaliana hivyo mwanzoni, wakihofia wateja watakimbia. Binti alidhani ni kwa muda.

Mwaka wa tisa, chama cha wenye magari kilimwita mzee ukumbini kumpa ngao. Binti alimnyoosha kola, akamvika miwani yake myeusi, akamshika mkono hadi jukwaani. Moyoni alijua leo baba atasema ukweli.

Mzee aliipapasa ngao. "Kazi hii," akasema, "nimeifanya kwa mikono yangu hii miwili."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Njiani binti alimvuta mkono kwa haraka. Walipofika getini baba akauliza, "Umenuna?"

"Nimechoka."

"Ningesemaje mbele za watu, mwanangu?"

"Ungetaja jina langu."

Miezi mitano baadaye mzee akafariki. Msibani mwenyekiti wa chama, daktari wa meno, alimpa binti mkono. "Magari yetu nayo yamebaki yatima."

"Pampu ya gari lako niliitengeneza mimi, daktari. Na kabureta pia. Baba alikuwa haoni."

Daktari alimtazama kwa huruma. "Pole, dada. Msiba unavuruga akili."

Hakuna mteja aliyerudi. Alisikia wanaagiza spea ng'ambo, wanasubiri miezi, zikija hazikai sawasawa. Akatengeneza pampu mpya, akampelekea daktari kazini kwake. Msaidizi wa mapokezi alimwambia aiache mezani. Simu haikupigwa.

Mifano ya mti, arobaini na kitu, aliitia jikoni mmoja mmoja, akachemshia maji.

Siku hizi anakereza bawaba za mageti kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa pili. Kaka yake humhimiza waende wote kusafisha kaburi la mzee. Yeye humjibu ana kazi. Hajakanyaga pale tangu siku ya mazishi.