Mshona Matanga Aliyebaki Pwani

Jirani yangu hapa Kihesa ana duka la vitambaa na sare za shule mjini Iringa. Alikuwa nalo tangu siku ile nilipofika kutoka Idodi, mwalimu mgeni mwenye sanduku moja la bati. Mimi nimeshastaafu. Yeye amevuka themanini na bado anakaa nyuma ya kaunta, anawasalimu wateja "kamwene" kwa Kihehe kilichonyooka kuliko changu, halafu anageuka kumgombeza mkwewe kwa Kikachi, lugha ya kwao. Mji mzima unamwita Mama, nami pia.

Jumapili moja nilipotoka kanisani nilimkuta ameketi mlangoni kwangu, fimbo mapajani.

"Mwalimu, nina kazi yako," akasema. "Nataka uniandikie habari za baba wa babu yangu. Wajukuu wamekuwa wengi. Kikachi hawajui, na Kiingereza changu ni cha kuulizia bei tu. Kiswahili sote tunacho."

Nilifundisha historia miaka mingi. Mtu akiniletea babu yake, siwezi kukataa. Nilichemsha chai, nikachukua daftari, naye akaanza.

Baba wa babu yake alitoka Kachi, ng'ambo ya bahari, katika merikebu ya matanga iliyokuja huku na vigae, vyungu na marobota ya kitambaa. Karibu na pwani yetu upepo uligeuka, merikebu ikapanda mwamba na kupasuka. Wenzake wote walizama. Yeye alishika kipande cha mlingoti, akaelea siku tatu mchana na usiku, mpaka mawimbi yakamtupa mchangani. Alipoweza kusimama aliapa kwamba yeye na uzao wake hawatajenga tena mahali ambapo bahari inaonekana. Akageuza uso kuelekea bara, akatembea na misafara, na hakuacha kupanda mpaka alipokuta baridi.

"Ndiyo maana tuko Iringa," akamaliza. "Watu wanadhani tulifuata biashara. Sisi tulikimbia maji."

Niliiandika kwa wiki mbili, na sitaficha, niliipamba. Mimi mtu wa Idodi, maji ninayoyajua ni ya mto, na huo wenyewe kiangazi unauvuka bila kukunja suruali. Lakini nilipoandika habari za yule kijana na mlingoti wake nilihisi chumvi mdomoni. Nilipomsomea, Mama alilia akicheka.

"Mpigie mdogo wangu Mbeya," akasema. "Weka sauti kubwa. Naye asikie."

Mdogo wake anakaa Iyunga, anauza na kutengeneza cherehani kando ya barabara kuu. Nilimsomea yote kwenye simu, kurasa sita. Nilipomaliza tukasikia kicheko.

"Dada," akasema, "nani alikwambia yule mzee alijua kuogelea?"

"Si babu mwenyewe!"

"Babu aliwaambia hivyo nyinyi wasichana. Sisi wavulana alituambia mengine."

Mama aliikata simu kwa kidole, kwa hasira ya mtu anayeua nzi. Baada ya dakika moja akaniambia, "Alhamisi tunakwenda Mbeya. Vaa sweta."

Tulikwenda kwa gari la mkwewe. Tulipopita Makambako Mama alikula ndizi mbili. Tulipofika Chimala na milima kusimama kushoto kwetu, akasema kama anayejisemea, "Miaka sabini nimewasimulia watoto habari za mlingoti."

Mdogo wake alitupokea dukani, mzee mwembamba mwenye miwani minene na mafuta ya mashine kwenye kucha. Aliinama kugusa miguu ya dada yake, naye akampiga kofi dogo la kisogo. Tukapelekwa nyuma, kwenye sebule iliyonukia ubani na tangawizi. Mke wake alituletea chai na chapati, akaketi nasi.

"Haya," Mama akasema. "Sema ulichonificha."

Alisema polepole. Yule kijana hakuwa baharia. Alikuwa mshona matanga. Kazi yake ilikuwa kuangalia kila tanga, kuziba palipochanika na kushona upya palipochoka. Merikebu yao ilifika salama, ikashusha vigae na vyungu, ikapakia mizigo ya kurudi. Wiki ya kuondoka akashikwa na homa. Alikuwa na tanga jipya mikononi, nusu limeshonwa. Nahodha hakuweza kusubiri kwa sababu msimu wa upepo wa kuwarudisha ulikuwa unakwisha. Wakaondoka na tanga la zamani, lile alilolitia viraka yule kijana mwenyewe akiwa tayari anatetemeka kwa homa.

"Wakamwacha kwa familia moja ya mjini, wakamwambia mwakani tutakuchukua," mzee akasema. "Hawakufika kwao. Hawakuonekana popote. Baada ya miezi mingi vyombo vilivyotoka Kachi vilileta habari kwamba merikebu ile bado inasubiriwa kule. Basi akajua."

"Ilizama wapi?"

"Hakuna anayejua, Dada. Hakuna aliyerudi kusema."

"Kwa hiyo hakuelea siku tatu."

"Hakulowa hata mguu."

Mama aliweka kikombe chini. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia na kurasa zangu sita.

"Alikuwa na hakika kwamba kiraka chake kilifumuka," mzee akaendelea. "Hilo ndilo lililomtoa pwani. Angerudi Kachi, angewatazamaje mama wa wenzake? Angekaa pale pwani, kila tanga linalopita lingemuuliza. Akaja huku juu akawa fundi nguo. Unajua kwa nini katika familia yetu kila mshono unapitishwa mara mbili?"

Mimi nilijua mishono hiyo. Wanafunzi wangu waliovaa sare za duka lake waligombana, wakavutana, wakaparamia uzio wa shule, na sare zilichakaa rangi kabla ya kufumuka. Kwa miaka yote hiyo nilidhani ni uhodari wa mafundi wake tu.

"Nawagombeza mafundi kila siku," Mama akasema hatimaye. "Pitisha tena, pitisha tena. Baba alinifundisha hivyo. Sikuwahi kuuliza kwa nini." Kisha sauti ikapanda. "Na wewe ulijua! Kwa nini hukuniambia?"

"Babu alitukataza. Alisema wasichana wataolewa, wakasimulie ujasiri huko waendako. Aibu ibaki nyumbani, na wanaume."

"Aibu gani? Mtu kuugua homa ni aibu?"

Mdogo wake aliinua mikono kama aliyeshindwa. Mkewe alicheka, akasema, "Mimi pia hakuniambia, wifi. Miaka arobaini na mitano namuona anajifungia chumbani siku moja kila mwaka na birika la maji. Nikadhani anasali."

Hapo mzee akainuka, akarudi na kipande cha turubai zito la pamba, lenye rangi ya chai, upana wa mto wa kulalia. Kilikatwa kwenye lile tanga ambalo halikumalizika. Juu yake, kwa uzi mweusi, yule kijana alikuwa ameshona majina ya wenzake, mstari kwa mstari, kwa herufi za kwao. Majina kumi na manne. Mzee akaeleza kwamba kila mwaka mwanamume mmoja wa ukoo huyasoma, na kwa kila jina humwaga maji kidogo, kwa sababu wale hawakuzikwa wala kuchomwa, na hakuna aliyewaaga.

"Nipe," Mama akasema.

Alikisogeza karibu na dirisha. Alianza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata uzi. Mdogo wake alikuwa akiitikia pamoja naye, maana aliyajua kwa moyo. Kwenye jina la tisa sauti zao zikaachana.

"Sivyo," Mama akasema.

"Ndivyo. Nimelisoma hivyo miaka yote."

"Vaa miwani uangalie. Hapa kuna kijimkia. Umemwita mtu jina la mtu mwingine."

Mzee aliinama juu ya kitambaa mpaka pua ikakaribia kukigusa. Akakipapasa kwa ncha ya kidole, akakaa chini.

"Kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Lo! Kweli kabisa. Tangu Baba afariki namkosea huyu mtu."

"Basi leo umempata," Mama akamwambia, na safari hii hakumpiga kofi. Alimshika mkono.

Walibishana kidogo kama inafaa kufanya kabla ya siku yake, wakaamua inafaa. Tulitoka uani, sisi wanne. Mama alisoma, mzee akamwaga maji kwenye shina la mparachichi. Jina la tisa walilirudia mara tatu. Jirani Mnyakyusa aliyekuwa anaanua nguo alitusalimu juu ya ua, "Ndaga!" Mzee akamjibu kwa Kinyakyusa maneno marefu, na jirani yule akasimama na kikapu chake mpaka tulipomaliza.

Usoni mwa Mama palikuwa pametulia. Nilimuuliza nifanye nini na kurasa zangu.

"Andika upya. Andika ya mdogo wangu."

"Na mlingoti?"

Alifikiri. "Ule tutawasimulia wale wadogo, wasiojua kusoma. Wanaupenda. Wakikua wapewe hii." Halafu akaniuliza kama mwalimu anavyoulizwa, macho makavu kabisa, "Merikebu inaweza kuzama na matanga mazima?"

"Inaweza, Mama. Mwamba hauangalii tanga. Hata dhoruba ikivunja mlingoti, mshono una kosa gani?"

"Liandike hilo pia," akasema. "Yule kijana hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo."

Niliandika. Safari hii zilikuwa kurasa nne, bila mapambo. Mpwa wao alizichapa kwenye duka la kuchapisha la Mbeya mjini, akaweka picha ya kitambaa ukurasa wa mbele. Kijukuu mmoja wa Mama alimuuliza, sasa si tunaweza kwenda kukaa Dar, kwa kuwa hakuna aliyeapa? Mama akajibu kwamba bahari ameshaiona kwenye televisheni na Dar kuna joto.

Tangu hapo siku ile hufanywa mwaka mmoja Iyunga, mwaka mmoja Kihesa, na wanawake wanasoma. Mama aliwagawia watu majina, kila mmoja lake, nami nikapewa moja, la mpishi wa merikebu, kwa kuwa alisema ninapenda kula. Ilinichukua muda kulitamka. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Iringa. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, uani palikuwa na tope, na watoto waliambiwa wavue viatu. Zamu yangu ilipofika nililisema jina lile bila kukwama, nikamwaga maji, nikampa birika aliyefuata. Kisha tukaingia ndani kula, maana wali ulikuwa unapoa.