Mpira Uliovaa Turubai

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyooa na kuliko siku niliyonunua lori langu la kwanza. Ni siku niliyolipasua bomba la maji la zahanati yetu, watu wamejipanga wananitazama, na mke wangu akiwa miongoni mwao na tumbo la miezi minane.

Nitakusimulia polepole, maana sasa muda ninao. Malori yangu matatu yanatembea bila mimi kuyasukuma, nyumba ina bati la rangi, na ninyi mliosoma mnakuja kuniuliza nilifikaje hapa na darasa la nne langu. Nimefika kwa mikono hii. Sisemi kwa maringo. Au basi, kwa maringo kidogo.

Enzi hizo nilikuwa naziba pancha pale Mkiwa, njia panda. Ruksa, ile ya kila mtu kuuza na kununua atakacho, ndiyo kwanza imeingia. Kabla ya hapo tyubu moja tuliibandika viraka mpaka viraka vikabandikwa viraka. Ghafla madukani vitu vikajaa: redio, mitumba, manukato, tyubu mpya za Kichina zingali na ungaunga wake. Mtu mwenye mikono na ubishi aliweza kupanda, na mimi nilikuwa navyo vyote viwili. Madereva waliniita Fundi Upepo. Nikaona ni sifa. Nikawa namwambia kila anayesimama kwamba hakuna kitu chenye mpira kitakachonishinda, kuanzia baiskeli mpaka trekta.

Zahanati ilikuwa mbele kidogo ya njia panda. Maji yake yalishuka kutoka kwenye tangi kilimani, kwa bomba jeusi la plastiki lililofukiwa juujuu, likapita katikati ya uwanja wanapolaza malori. Mwezi huo lori moja la vitunguu liliharibika, likakaa juu ya bomba hilo siku nne, na jua la Singida unalijua. Lilipoondoka, bomba lilikuwa limebonyea kama kandambili iliyochakaa. Halikutoboka, lilibanwa tu. Maji ya zahanati yakawa yanadondoka tone moja moja.

Nesi wetu, Perpetua, mama mkali ambaye hata mwenyekiti wa kijiji alimwogopa, akapeleka habari wilayani. Jibu likaja kwamba bomba lingine litapatikana baada ya wiki tatu. Kukata pale na kuunga hatukuweza, kwa sababu viungo vya bomba la aina ile havikuwepo kwetu wala Itigi. Ndiyo ruksa yenyewe hiyo: manukato unapata, kiungo cha bomba hupati. Nesi akatangaza, "Bila maji sizalishi mtu hapa. Kuanzia Jumatatu wajawazito wote waende Manyoni."

Mke wangu Zaina alilisikia tangazo hilo akiwa amesimama mlangoni. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza njiani, nyuma ya lori, kabla hatujafika huko huko Manyoni. Zaina hakulia. Alinitazama tu akasema, "Mimi lori sipandi tena. Nitazalia jikoni kwangu."

"Kesho bomba litakuwa wazi," nikamwambia. "Kwani mimi ni nani?"

Na akili nilikuwa nayo, usinidharau. Nilikuwa nimeona mara nyingi tairi jipya lililokunjwa dukani linavyonyooka lenyewe ukijaza tyubu iliyo ndani yake. Nikasema, bomba nalo ni hivyo hivyo: lisigongwe kwa nje, lisukumwe kwa ndani. Nikachukua kibomba chembamba cha breki ya lori, urefu wa hatua mbili. Nchani nikakitoboa vitundu vya kupitisha upepo, nikakivisha kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakifunga kwa uzi huku na huku, mbele nikaziba. Nyuma nikaunga pampu. Tyubu nikaikunja ikashikana na kile kibomba kama mwavuli uliofungwa, nikaipaka sabuni. Iende nyembamba, ikavimbe ikifika. Nikapima kwa nje, nikaweka alama ya chaki kwenye kibomba ili nijue imefika pale palipobanwa.

Asubuhi tukafunga koki ya tangi, tukafukua, nikafungua kiungo cha bomba kilichokuwa karibu. Watu wakajaa. Nesi akaleta sufuria la maji yanayochemka ili plastiki ilainike, nami nikayamwaga yote, pabovu na pazima, bila kuchagua.

Akaja Mzee Sungi. Huyu alikuwa fundi wa reli, amestaafu Itigi, siku hizo anashona maturubai ya malori pale njia panda. Mtu mfupi, sindano yake ya turubai kila mara imechomekwa kwenye kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo tyubu umeivisha nini?"

"Kuivisha?"

"Naona iko uchi."

Watu wakacheka. Mimi sikupenda kuchekwa mbele ya mke wangu. Nikamjibu, "Mzee, hapa si relini. Hii ni kazi ya upepo."

Akasogea kando. Nikaanza kupampu. Pale palipobonyea pakainuka kidogo, na mimi nikainuka zaidi. Nikaongeza. Mara nikaona bomba linavimba, lakini si pale. Lilivimba pembeni, upande mzima usiobonyea, ule niliokuwa nimeulainisha bure kwa maji ya moto. Katikati pakabaki pamebanwa vile vile, kama kiuno cha nyigu. Ningeacha hapo, mwanangu. Ningeacha! Lakini dereva mmoja akapaza sauti, "Tia upepo, Fundi Upepo!" nami nikatia.

Paa!

Tyubu ilipasuka, na bomba likachanika upande ule mzima, urefu wa kiganja. Tone moja moja tulilokuwa nalo, hilo nalo likaisha. Nilipogeuka nilimwona Zaina anaondoka, mkono mmoja kiunoni, anatembea polepole kurudi nyumbani. Hakugeuka.

Mzee Sungi akachuchumaa, akaiokota ile tyubu iliyopasuka, akaigeuza geuza. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Sijui hii imefanana na wewe, au wewe ndiye umefanana nayo. Wote wawili mnavimba pale ambapo hakuna aliyewabana."

Nimepigwa makofi ya kweli maishani mwangu, na yote nimeyasahau. Hilo sijalisahau. Tena kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hilo nililijua. Fundi yeyote wa pancha anajua: jaza tyubu nje ya tairi, itatoa uvimbe kama tezi upande ule ulio laini. Nilikuwa naliona kila siku ya Mungu. Sifa ndizo zilizonisahaulisha.

Nikamwambia, "Mzee, nisaidie. Si kwa ajili yangu."

Naye sindano alikuwa ameshaichomoa kofiani. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akakata turubai, akaanza kushona huku ananieleza. "Mpira wa breki ya behewa ukiuchana, ndani utakuta kitambaa. Mpira kazi yake kuuzuia upepo usitoke. Kitambaa kazi yake kuuzuia mpira usijisahau." Akashona mfuko mrefu mfano wa soksi isiyo na kisigino. Kila baada ya mishono michache aliingiza kidole kwenye bomba pale palipo pazima, kisha kwenye mfuko, akilinganisha. Upana wa mfuko ukawa sawasawa na tumbo la bomba, haukuzidi hata uzi. "Sasa pampu hata kwa hasira," akasema. "Ukishajaa hapa, haupanuki tena. Nguvu yote itakwenda pale palipobanwa."

Mimi nikapafunga palipochanika kwa vipande vya tyubu, nikavuta, nikazungusha, nikavuta tena. Hiyo kazi naiweza hata nikiwa nimelala. Tukavisha tyubu mpya turubai lake, tukaikunja, tukaisukuma mpaka kwenye alama ya chaki. Safari hii maji ya moto tuliyatia kwenye birika, tukayachuruzisha pale palipobonyea tu.

Nikapampu. Pampu ikawa nzito, na upande mzima haukuvimba hata kidogo. Pale palipobanwa ndipo palipoanza kupanda, taratibu, kama chapati inapopata moto. Nikaona mduara umerudi. Nikashika kibomba nikivute.

Mzee Sungi akanidaka mkono. "Una haraka ya kwenda wapi? Plastiki ikipoa hivyo ilivyo ndiyo itashika umbo lake. Ukitoa sasa, itarudi ilikotoka. Na kabla ya kuvuta utoe upepo wote, usije ukachubua ulichotengeneza."

Tukakaa chini kusubiri, tukimwagia maji ya baridi. Ndipo akaniuliza habari za yule mtoto wa kwanza. Mwanangu, hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza. Nikamsimulia yote, macho yangu yako kwenye pampu. Yeye hakunipa pole ndefu. Alisema tu, "Basi tungojee vizuri."

Tulipofungua koki ya tangi, tulisikia sauti ya Perpetua huko zahanati: "Yanatoka! Jamani, yanatoka! Leteni ndoo!" Kwenye kile kiraka changu palivuja kidogo, lakini palishika mpaka bomba jipya lilipokuja.

Nikakimbia nyumbani. Nilimkuta Zaina amefagia jikoni, ameshatandika mkeka kando ya mafiga, ameweka wembe na kanga safi. Nikasimama mlangoni nikihema.

"Utazalia zahanati."

"Nani kasema? Wewe au Mzee Sungi?"

"Mzee Sungi."

"Basi sawa," akasema, akaukunja mkeka.

Hadija akazaliwa mwezi uliofuata, na maji ya kumwogesha yalitoka bombani.

Mwaka juzi mguu wangu wa kulia ulianza kukataa kutembea. Hatua hamsini tu, msuli unakaza, nasimama kama naangalia mbuzi wa watu. Hadija ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa Dodoma. Daktari, kijana mdogo mpole, akaniambia mshipa wa damu wa pajani umebanwa, tena akasema watauingizia mrija mwembamba wenye puto nchani. Akanionyesha. Puto lilikuwa limekunjwa likashikana na mrija, jembamba kuliko ubua wa mtama. Na kwenye mrija, mwanangu, niliona alama ndogo za kuonyesha pale litakapofika. Nikashtuka.

Nikamuuliza, "Daktari, na likianza kuvimba, si litatoa tezi upande mzima, likauchana mshipa wangu?"

Akanitazama vizuri. "Mzee, hilo ni swali la fundi. Haliwezi. Plastiki yake hainyumbuki ovyo. Kila puto lina kipimo chake, tunalichagua kulingana na mshipa. Ndani ya kiwango chake, nikiongeza nguvu linakaza tu, halitanuki kupita hapo."

"Kumbe limevaa turubai," nikasema, na machozi yakanitoka. Hadija akadhani naogopa kisu. Nikamwambia, "Siogopi. Namkumbuka mtu aliyekufanya uzaliwe penye maji." Mzee Sungi alishafariki miaka mingi; jeneza lake lilibebwa na lori langu la kwanza, na turubai lililolifunika alilishona mwenyewe.

Leo natembea mpaka gereji na kurudi.

Basi nakwambia hivi. Nguvu unazo, na akili unayo, tena pengine kunizidi mimi, ingawa sijamwona bado wa kunizidi sana. Sikukatazi kuvimba. Bila kuvimba pale palipobanwa pasingefunguka. Ila kabla hujaanza kupampu, jiulize utavimbia wapi: pale penye shida, au pale penye watu wanaokushangilia? Na usikae uchi. Tafuta mtu mmoja ambaye ukifika kipimo chako atakushika mkono akuambie inatosha, nawe umsikilize hata kama amekufanya uchekwe na watu. Ukishamaliza, usikurupuke kuondoka. Subiri kazi yako ipoe ishike.

Mwenyezi Mungu akufungulie kila palipobanwa katika njia yako. Akupe pumzi ya kutosha, na akupe na Mzee Sungi wako, sindano yake iko kofiani, aje kabla hujapasua.