Mteja wa Jumamosi

Mtaani walimwita Bi Tembea, na jina hilo alilipata kwa haki. Katika miaka kumi na tisa ya udalali wa nyumba alikuwa amemaliza soli nyingi za viatu kuliko askari wa doria. Alijua nyumba ipi ina ufa nyuma ya kabati, jirani yupi ana mbwa mkorofi, na mume yupi anauza nyumba kabla mke hajaambiwa. Enzi zile nyumba ilikuwa haikai. Asubuhi unabandika tangazo, mchana wateja wawili wanatoleana macho getini, jioni mwenye nyumba anajilaumu kwa nini hakuongeza bei. Watu walimpigia simu kumsalimu tu, kumuuliza wanawe wanaendeleaje, ili nyumba ikitokea awakumbuke wao kwanza.

Halafu soko likalala. Lingeanguka kwa kishindo ingekuwa afadhali, watu wangelia mara moja wakanyamaza. Hili lilipungua pole pole, kama maji ya bomba. Kwanza wateja walianza kusema "tutafikiria". Baadaye wakasema "tutakupigia", na baada ya hapo wakaacha kupokea simu. Benki zilibana mikopo, waliokuwa na pesa wakazikalia, na maandishi ya INAUZWA yakazeeka ukutani mpaka rangi nyekundu ikawa ya waridi. Ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, picha kumi na moja za nyumba zilikuwa zimejikunja ubaoni. Zote zilikuwa zimedoda.

Na wenye nyumba, usiombe! Kila mmoja alikumbuka bei aliyouza jirani yake miaka minne iliyopita, akaing'ang'ania. Ukimwambia apunguze kidogo anakuona mchawi uliyetumwa. Kesho yake amehamia kwa dalali mwingine, hasa yule waliyemwita Kipara, mtu mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Kipara alikuwa amemnyang'anya Bi Tembea nyumba tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila wakikutana njiani alimsalimia kwa bashasha ya kumkata mtu maini.

Ndipo alipoanza kufanya walichofanya wote. Madalali wanaita kupasha nyumba moto. Nyumba isipotembelewa muda mrefu, mwenyewe hukata tamaa akakuhama. Kwa hiyo unamtafuta mtu wako, unamvalisha vizuri, unampeleka kama mteja. Anagonga kuta, anauliza kama maji hukatika, anafungua kabati moja moja, anaondoka akisema amependa. Mwenye nyumba anapata usingizi na wewe unabaki na kazi yako. Hakuna dalali ambaye hakufanya hivyo, na ukiwauliza wote wanaruka kimanga.

Mtu wa Bi Tembea alikuwa mdogo wake wa kiume, fundi cherehani. Suti alikuwa nazo za kutosha, za wateja walioshonesha wakaingia mitini, na Mungu alimjalia sura ya mtu mwenye hela. Kitambi tu kilitosha kumdanganya mtu.

Nyumba aliyopelekwa mara nyingi zaidi ilikuwa ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa mstaafu wa miaka sabini na moja, na mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi kilichomlegeza upande mzima wa kulia. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa, na walipoijenga wakiwa vijana hawakuwaza uzee: bafu na choo vilikuwa juu. Kitanda walikishusha sebuleni, lakini bafu haliwezi kushushwa. Basi Mwalimu alimbeba mkewe mgongoni ngazi kumi na nne, kupanda na kushuka, kila siku ya Mungu. Binti yao alikuwa amewapatia nyumba ndogo isiyo na ngazi hata moja, mlango wa pili kutoka kwake. Mwenye nyumba hiyo alikubali kuwasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni hii ya ghorofa kuuzika.

Fundi alikwenda Jumamosi ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Mke wa Mwalimu akampenda. Kila Ijumaa alitaka asukwe nywele upya kwa ajili ya mgeni, na mgeni akifika humwelekeza kwa mdomo uliopinda dirisha lipi huvuja na bomba lipi halitaki kukazwa sana. Fundi alikuwa akirudi kwa dada yake kanywea. "Dada, yule mama ananiombea dua," alisema siku moja. "Tafuta mtu mwingine." Dada yake akamwambia aache utoto.

Jumanne moja simu ikalia.

"Mwanangu," alisema Mwalimu, "yule dalali mwenye kipara kaniletea mtu. Anatoa robo tatu ya bei, pesa mkononi, anataka jibu leo. Nakuuliza wewe, maana ndiwe ninayekuamini. Yule bwana wa Jumamosi ana nia kweli?"

Robo tatu ya bei! Katika soko lile ilikuwa bahati ya mtende, na Bi Tembea alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Angeweza kusema neno moja tu: chukua. Lakini alimwona Kipara akihesabu nyumba ya nne, akiibeba na kamisheni yake, akimsalimia kwa bashasha. Kijicho kikampanda mpaka kooni.

"Ana nia, baba. Anamalizia mambo ya benki tu. Wiki mbili hazifiki."

"Kwa hiyo huyu nimkatalie?"

"Mkatalie."

Alipokata simu alijiambia kwamba ndani ya wiki mbili mteja wa kweli atatokea. Watu hujiambia mengi. Mteja hakutokea hata wa kuulizia. Mtu wa Kipara akanunua nyumba mtaa wa pili, mwezi ukaisha, na ile nyumba ndogo ikachukuliwa na wengine. Habari hizo alizipata kwa binti wa Mwalimu, aliyepiga simu bila hata kumtukana. Aliuliza tu zimebaki wiki ngapi, kwa sababu mgongo wa baba yake umeanza kukataa.

Ijumaa mchana Bi Tembea akapiga moyo konde, akaenda kusema ukweli. Alimkuta Mwalimu katikati ya ngazi, mkewe mgongoni, maji ya bafuni yakiwachuruzika wote wawili. Kila ngazi mzee alisimama akapumua. Alimlaza mkewe kitandani, akamfunika, ndipo akaitikia shikamoo.

"Kesho anakuja?" mama aliuliza kwa ulimi mzito, na jicho moja likacheka.

Mwalimu akamwashiria mgeni waende jikoni. "Mwambie nimeshusha," alinong'ona. "Atoe nusu. Nusu tu, mwanangu, yaishe."

"Baba, hakuna mteja." Lilimtoka kabla hajalipanga. "Yule ni mdogo wangu. Ni fundi cherehani."

Mzee alivuta kiti akakaa. "Tangu mara ya kwanza?"

"Tangu mara ya kwanza."

"Na siku ile nilipokupigia?"

"Hata siku ile."

Bi Tembea aliomba moyoni apigwe kofi, atukanwe, afukuzwe, jambo liishe. Mwalimu alijifuta uso kwa taulo la mkewe, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani.

"Mwenzangu kila nikimbeba ananiambia, vumilia mzee, zimebaki siku chache. Hicho ndicho kinachomtoa kitandani. Kesho utamleta ndugu yako."

"Baba, nakuomba..."

"Na suti yake. Ataangalia, atasema benki bado. Jumamosi ijayo vile vile, na nyingine, mpaka mimi niseme basi."

"Siwezi, baba. Siwezi kumfanyia mama hivyo."

"Uliweza," alisema Mwalimu.

Sauti ya mama ikawafikia kutoka sebuleni, ya furaha, ikijikongoja neno kwa neno: yule bwana aje na mkewe kesho, jiko hukaguliwa na mwanamke.

Bi Tembea akamtazama Mwalimu. Mzee akaelekeza kidevu mlangoni.

"Mjibu," alisema.

"Atakuja naye, mama," akaitikia Bi Tembea.