Mtu Wangu Hajui

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Ganako, Karatu, kumsaidia mama kuhamisha vitu kabla jiko la zamani halijabomolewa, na nyuma ya kabati la vyombo nikakuta daftari la dada. Jalada lilikuwa limeliwa na panya, lakini nililitambua kabla sijaligusa. Nikakaa palepale kwenye vumbi.

Kama umekulia Karatu unaijua baridi ya mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka msituni ukalala shambani mpaka mchana, na watoto hawabanduki jikoni. Likizo moja ya mwezi huo dada alirudi kutoka shule ya bweni Arusha na mchezo mpya. Haukuwa na ubao. Yeye alisimulia safari, na kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ndani ya safari hiyo, akisema huyo mtu anafanya nini. Dadu ya ludo ndiyo iliyoamua kama amefaulu. Tulicheza mezani huku tukichambua ngwara, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe, moshi ukituchoma macho na chai ya maziwa ikifurika kwa kukosa wa kuiangalia.

Wachezaji tulikuwa watatu: mimi, mtoto wa jirani na bibi. Watu wetu walitoka Baray, kule bondeni, na punda waliobeba vitunguu, wakipanda kuelekea ukingo wa kreta, wakitafuta njiani chemchemi isiyokauka. Mtu wangu alikuwa mrina asali. Siku moja nikachungulia daftari la dada, nikaona amechora simba kwenye kona ya njia. Haraka nikatangaza kwamba mrina asali anapita upande mwingine.

"Kwa nini?" dada akauliza.

"Kuna simba."

"Nani kamwambia? Wewe unajua. Mtu wako hajui."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake kuu. Nilinuna, nikapita njia ileile, mrina asali akapoteza viatu na nusu ya asali. Bibi peke yake ndiye aliyegoma kuifuata. Mtu wake alikuwa kikongwe, na kila akibanwa alijibu, "Huyu wangu ana miaka tisini, simba wote anawajua kwa majina!" Dada alicheka mpaka akashika kifua. Tulidhani ni kicheko tu.

Kabla likizo haijaisha mama alimpeleka hospitali. Waliporudi nilikuwa nyuma ya jiko nikiokota kuni, nikamsikia mama akimwambia bibi kwamba moyo wa dada umechoka, daktari amesema hautapona, huenda asiumalize mwaka. Mama akageuka akaniona. Akanishika mabega. "Hujasikia kitu, umeelewa mwanangu? Dada yako asijue." Nilikuwa na miaka kumi. Nikaitikia.

Kesho yake dada akataka tucheze. Watu wetu wakaifikia ile chemchemi tuliyoitafuta likizo nzima. Kando ya maji, dada akasema, ameketi msichana amejifunga shuka mbili na bado anatetemeka. Hawezi kupanda nanyi mpaka ukingoni. Kisha akanigeukia.

"Anamuuliza mrina asali: mwenzangu, unajua kwa nini siwezi kuendelea?"

Bibi akaacha kuchambua. Mtoto wa jirani akanisukumia dadu, akidhani ni zamu yangu kurusha. Nilikuwa nimefumbata ngwara kiganjani mpaka zikaniuma.

"Mtu wangu hajui," nikasema.

Dada akavuta daftari lake. "Sawa. Umefuata kanuni." Akaandika kitu, akafunga daftari, akasema amechoka. Hatukucheza tena. Tulimzika kabla ya mvua za vuli, pembeni mwa shamba.

Miaka yote hii nimejisifu moyoni kwa kuitunza siri ile. Sasa nikafungua daftari. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa uliogawanywa kwa rula: kushoto anachojua mchezaji, kulia anachojua mtu wake. Kwa bibi, kulia: "Kila kitu, eti." Nikacheka peke yangu. Kisha nikafika kwangu. Kushoto: "Amesikia ya daktari. Macho yamemvimba tangu jana." Kulia: "Hajui. Nimempa nafasi. Nisimlazimishe, bado mdogo."

Alitaka mtu mmoja tu wa kuzungumza naye habari za kufa kwake, akanichagua mimi, nami nikamjibu kwa kanuni yake mwenyewe. Inaniuma kuliko siku tuliyomzika. Bibi naye hayupo. Mtoto wa jirani ni dereva wa watalii, anashuka kreta karibu kila siku. Pale jikoni watajenga vyumba vya wageni, na hakuna atakayejua kwamba chemchemi ilikuwa pale, kwenye meza ya ngwara.

Mama akaingia na kapu, akauliza nimeona nini. Mpaka leo anaamini binti yake aliondoka bila kujua, na hiyo ndiyo faraja pekee aliyobaki nayo. Nikalifunga daftari.

"Sijui, mama," nikasema. "Daftari tu."