Daktari Alisema "Better"

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Shule alinipokea akiwa na mabuti ya shambani, maana alikuwa ametoka kukagua migomba ya shule. Ilikuwa sekondari ndogo upande wa Kishanda, wilayani Muleba. Alinipa boksi la chaki kabla hata sijakaa.

"Madam Yustina," alisema, "Kidato cha Pili hawajaona mwalimu wa Kiingereza tangu muhula uanze. Ingia tu."

Nikaingia. Mada ilikuwa kulinganisha, nami nilikuwa na andalio la somo mkononi, ile karatasi ambamo mwalimu hupanga atafundisha nini na kwa hatua gani. Nilisimamisha wanafunzi wawili mbele, mrefu na mfupi, nikaandika "tall" na "taller" ubaoni. Mambo yakaenda vizuri mpaka nilipoandika sentensi niliyoiona nyepesi kuliko zote: "I like bananas better than rice."

Msichana mmoja, Deodata, akanyoosha mkono. "Madam, kilicho 'better' hapo ni ndizi au ni kupenda?"

"Ni kupenda," nikajibu.

"Sasa kupenda kunakuwaje bora zaidi?"

Darasa likacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane nimekwama. Nilipotoka nilimfuata Mkuu wa Idara ya Lugha, mzee mpole aliyekuwa akisahihisha madaftari huku akitafuna kahawa kavu. Akaniambia neno hilo hapo si kivumishi, ni kielezi, yaani linaeleza kitenzi, halielezi ndizi. "Waambie wakariri," alisema. Wakakariri. Nami nikakariri pamoja nao.

Ninyi walimu vijana mna simu za kuuliza kila kitu. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja kwa dawati zima na vichwa vyetu. Kilichonitatiza ni kwamba katika lugha zetu kitenzi chenyewe hubeba ulinganisho. Kiswahili husema huyu anamzidi yule, na Kihaya tuna "okukira", kupita au kushinda, basi shughuli imekwisha. Mwingereza hukining'inizia kitenzi mkia: analima zaidi, analala kidogo kuliko, anapenda vizuri zaidi. Kisha anachukua maneno yaleyale ya kulinganisha na kuyatumia mahali ambapo hakuna kinacholinganishwa na chochote. "You had better go." Afadhali uende. Afadhali kuliko nini? Na hiyo "had", kitenzi kisaidizi cha wakati uliopita, imefuata nini kwenye safari ambayo mtu hajaianza?

Siku moja alikuja Mkaguzi wa Shule kutoka Bukoba, akaketi nyuma ya darasa na kunisikia nikieleza kwa "okukira". Baadaye aliniita pembeni. "Mwalimu, Kihaya kiache nyumbani." Nikasema nimesikia. Tulipokaa kunywa chai akaninong'oneza, kwa Kihaya hichohicho, kama nilijua ile "had" inafanya nini pale. Nikamwambia sijui. "Hata mimi," akasema, akaongeza sukari.

Miaka ikapita. Deodata alimaliza Kidato cha Nne akabaki nyumbani akilima kahawa na wazazi wake. Baba yake tulimwita Ta Laurean, "Ta" ikiwa heshima ya Kihaya, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mama yake alijikata na jembe mguuni, akapaka majani, akaendelea na palizi. Mguu ukavimba hadi gotini, naye akaanza kutetemeka kwa homa. Wakampeleka hospitali, ambako alikuwa amefika daktari Mwingereza, bado mgeni. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa wodi ya wazazi, kwa hiyo Deodata akatafsiri yeye.

Mchana huo niliwaona wakirudi, mama amepakatwa katikati kwenye pikipiki na Ta Laurean akifuata kwa miguu. Deodata akasimama mlangoni kwangu, uso unang'aa.

"Madam, daktari amesema mama ana nafuu! Ametupa vidonge."

Nilimtazama mama. Midomo ilikuwa mikavu na macho hayatulii. Nikamuuliza Deodata, "Alisema maneno gani hasa? Kwa Kiingereza."

"Alisema 'she better stay', kisha kitu kama 'rest'. Kwamba ana nafuu, akae apumzike."

"Alisema 'she is better' au 'she'd better'?"

"Madam, hawa watu wanaongea haraka. Nilisikia 'better'."

Nilisimama pale nikijirudishia sauti hiyo mdomoni kwa namna mbili. Kwa namna moja mgonjwa amepona kidogo, arudi nyumbani. Kwa nyingine mgonjwa asitoke hospitalini hata kidogo. Kati ya hizo mbili kulikuwa na herufi moja, ile "d" iliyobaki ya "had", ambayo Waingereza wenyewe huimeza. Na kama alisema "stay", akae wapi? Hakuna aliyejua.

"Mrudisheni," nikasema.

Ta Laurean akafuta jasho. "Mwalimu waitu, mwalimu wetu, tumeruhusiwa. Mgonjwa amechoka. Una hakika?"

"Sina hakika, Ta. Ndiyo maana nasema arudi."

"Nimrushe mke wangu tena kwenye mashimo yale kwa jambo usilolijua?"

Nilichukua kanga, nikamfunika mama mabega, nikamwambia kijana wa pikipiki ageuze. Deodata alianza kulia. Ta Laurean alinitazama kwa hasira, kisha akamgusa mkewe shingoni kwa mgongo wa mkono. Akaunyanyua mkono haraka kama aliyeshika chungu cha moto. "Geuza," akasema.

Tulimkuta daktari ukumbini, anaulizia alikokwenda yule mgonjwa. Alipotuona alimwita muuguzi kwa sauti, na mama akaingizwa chumba cha upasuaji. Usaha ulikuwa umepanda mfupani. Mama aliokoka. Alipoteza vidole viwili vya mguu, na hadi leo anachechemea akipanda mwinuko wa kutoka mtoni, lakini anaupanda.

Siku alipotolewa wodini nilimuuliza daktari, kwa adabu, kwa nini alisema "had" juu ya jambo ambalo lilikuwa bado halijatendeka. Alikuna kichwa. Akasema hajui, hajawahi kufikiri, kwao husemwa tu hivyo. Kisha akaniambia taratibu, "Next time I'd rather you asked me twice." Nikaenda nalo njia nzima. Anazungumzia siku za mbele, mbona kitenzi ni cha jana? Anatuomba tuwe tunauliza mara mbili, au anatulaumu kwamba hatukuuliza? Mpaka leo naegemea upande wa ombi, kwa sababu alikuwa akitabasamu.

Nilipohamishiwa Bukoba mjini, shule moja upande wa Kahororo, nilianza kufundisha mada hiyo kwa maigizo: mmoja mgonjwa, mmoja daktari, na aliyeelewa vibaya asimulie kilichompata mgonjwa. Makamu Mkuu wa Shule, mama mkali aliyepanga ratiba kwa rula, alinisimamisha koridoni.

"Azimio la kazi linakupa vipindi viwili kwa mada hii. Wewe uko wiki ya tatu. Mtihani hauulizi hayo."

"Hospitali inauliza, Mkuu."

"Malizia wiki hii," akasema. Nikamalizia wiki iliyofuata.

Sasa nimestaafu, naishi Bilele, hukuhuku Bukoba mjini. Watu hudhani mwalimu wa Kiingereza akistaafu anakuwa amekielewa. Mwanangu alioa huko ng'ambo mwanamke asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza, na mimi ndiye ninayezungumza naye kwenye simu. Kila Jumapili nilikuwa namuuliza kama mwanangu anakula, kama analala, kama kazi haimchoshi. Jumapili moja akasema kwa upole, "You love him more than me."

Nilisimama na simu sikioni. Nampenda mwanangu kuliko yeye anavyompenda? Au nampenda mwanangu kuliko ninavyompenda yeye? Nikajaribu kuihamishia sentensi kwenye Kiswahili ili nipumzike: unampenda kuliko mimi. Tatizo likahama nayo, zima kama lilivyo. Miaka yote nilikuwa nawalaumu Waingereza peke yao.

Nikamuuliza, "Binti yangu, ulimaanisha lipi kati ya hayo mawili?" Nikamfafanulia yote mawili, kama nilivyokuwa nikifafanua darasani.

Nikamsikia akifunga bomba la maji jikoni kwake.

"Yote mawili, mama," akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa vizuri. Nikamuuliza yeye amekula nini.