Kabla hujaivaa, Waridi atakusomea

Saa moja asubuhi, kisu kinakata kamba za belo katika soko la mitumba mjini Ifakara, na fulana zinafumuka kama unga uliozidi hamira. Wenzake wakifungua mzigo hukimbilia kupima kola na kukagua mishono. Waridi Mwinyimvua anazigeuza fulana upande wa kifua. Anasoma.

"Hii ya kampuni ya rangi, haina neno," anasema, akiitupa kushoto. "Hii ya shule. Hii..." Anaisogeza mbali kidogo na macho, kisha anacheka. "Hii inasema mvaaji yuko chakari kwa pombe. Sasa nani ataenda nayo kwenye maulidi?"

Waridi ana miaka 46. Belo moja linamtoka kama laki nne, na hajui kilichomo mpaka alifungue, kwa hiyo asubuhi ya namna hii roho huwa juu. Ila kinachowaleta watu kwenye meza yake ni Kiingereza chake, nacho ni cha aina yake. Kuuliza bei ya nyanya kwa lugha hiyo hawezi. Mguse kwenye maneno ya uovu, aibu na balaa, hapo atakumwagia mpaka uombe maji.

"Naughty ni mtundu tu, huyo unamvumilia," anafafanua, akihesabu kwa vidole. "Wicked ni mwovu. Unlucky amekosa bahati, kesho anaweza kuipata. Cursed huyo ana laana. Huwezi kumuuzia mtu laana kwa elfu tatu halafu ukamwambia karibu tena."

Yapo na yale ya ulegevu wa maadili, yaliyoandikwa kwa vimetameta kwenye vifulana vya wasichana. Hayo hayatamki sokoni. Humvuta mteja pembeni na kumnong'oneza kwamba nguo hii inamtukana anayeivaa. Mama mmoja wa kijiji cha Mbingu, anasema, aliirudisha mezani kwa ncha za vidole kama aliyeshika panya.

Hakuzaliwa akiyajua. Miaka miwili iliyopita alimuuzia fulana mfugaji wa Lupiro anayeitwa Mayunga. Ilikuwa ya kijani, nzito, haina hata doa, na kifuani ina neno moja kubwa: GUILTY. Waridi alimsifia kwamba imempendeza sana, na kweli ilimpendeza.

Mayunga akaivaa kwenda kwenye baraza la kijiji, alikoitwa kujibu tuhuma kwamba ng'ombe wake wamelala kwenye mpunga wa watu. Neno lile maana yake ni mwenye hatia. Kijana mmoja akalisoma kwa sauti na kulitafsiri, na baraza zima likaangua kicheko. Baadaye ilibainika ng'ombe hawakuwa wake, lakini jina lilikuwa limeshamganda. Mpaka leo watoto wa njiani humwita Gilti.

"Alikuja hapa, nikajua leo napigwa," Waridi anakumbuka. "Akaniuliza tu, 'Mayu,' yaani mama kwa Kisukuma, 'ulijua?' Nikamwambia wallahi sikujua. Akasema, 'Basi ujue.' Akaondoka, na hajanunua kwangu tena. Angenitukana ingeniuma kidogo. Alivyoondoka vile, iliniuma sana."

Waridi akaenda kujifunza kwa Mwalimu Nickolaus, mstaafu anayekunywa kahawa jirani na soko. "Vitabu vya Kiingereza tulivyofundishia vilijaa baba mkulima na mama mpishi," anasema mwalimu huyo. "Watu wabaya hawakuwemo. Kwa hiyo mengine tuliyasaka pamoja kwenye simu."

Si kila mtu amefurahia. Yusuf, muuza viatu wa meza ya pili, anaona jirani yake anajiharibia biashara. "Mteja hajauliza, yeye anajibu!" analalamika.

"Viatu vyako vina bahati, Yusuf, havisemi," Waridi anamrudishia bila kugeuka.

Wapo pia wanaotaka maneno hayo kwa makusudi. Omega, dereva wa bodaboda, aliposomewa OUTLAW na kuambiwa ni mhalifu anayesakwa na sheria, aliruka: "Mama, hiyo ndiyo yenyewe!" Akaivaa palepale. Waridi hana shida naye. Anachotaka ni mtu ajue alichobeba kifuani.

Belo la leo limemwangusha. Limelowa maji njiani na nusu ya nguo zina ukungu. Katikati tu ndimo zinamotoka fulana kumi na mbili za buluu, mpya, lebo bado zinaning'inia. Waridi anapiga makofi. Hizi ndizo zitakazorudisha hela yake. Kisha anasoma DOOMED, na makofi yanaisha.

Ni wakati huohuo mzee mrefu mwenye fimbo anasimama mbele ya meza na kusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Ni Mayunga.

"Namuoza kijana wangu," anasema. "Natafuta nguo za vijana watakaomsindikiza. Zifanane." Mkono wake tayari uko juu ya zile za buluu. "Hizi hizi. Nifungie zote."

Yusuf anakohoa na kumkonyeza Waridi. Maana yake haihitaji mkalimani: nyamaza, uza. Asipoziuza hizi, belo zima limeliwa na maji. Akisema, huenda mzee akadhani anachezewa tena, mara hii mbele ya soko.

Waridi anazivuta fulana upande wake.

"Hizi sikuuzii, baba. Zinasema mtu aliyekwisha, asiye na wa kumwokoa. Siyo neno la kumpeleka mtoto kwa mke."

Mayunga anaegemeza fimbo yake mezani. Yusuf ameinamia viatu vyake.

"Unazo nyingine?"

"Sina. Ila Jumamosi naenda Morogoro kutafuta mzigo."

"Harusi ni mwisho wa mwezi," anasema mzee, akichukua fimbo yake. "Vijana ni wakubwa wakubwa. Rangi chagua wewe. Zikiwa na maandishi, chagua wewe. Mimi sitakuja kuangalia, mayu. Utakachotuma, tutavaa."

Anaondoka bila kuaga. Waridi anakaa juu ya mzigo wake uliolowa na kukiri kwamba amefurahi mpaka ameishiwa maneno, jambo ambalo Yusuf anasema hajawahi kulishuhudia.

Mpango wake ni kukodi fremu ya duka barabarani, auze fulana za harusi na za kwaya ambazo kila moja ameikagua kwa macho yake. Lakini hilo litasubiri Jumamosi ipite.

"Natafuta kumi na tatu," anasema, akianza kuanika zile zenye ukungu. "Kumi na mbili ni za vijana, hizo nauza. Moja ya baba mtu. Hiyo nampa bure, na aivae popote anapoitwa, hata barazani."