Nusu ya Pili ya Nguzo

Jina la utani walimpa Chokaa, kwa sababu alikuwa fundi wa kupaka chokaa nguzo za mpaka, kazi ambayo serikali huikumbuka siku ikiharibika tu. Kila mwaka mvua zikikatika alipanda kilima na ndoo yake. Upande wa pili alipanda shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa nchi jirani. Kila mmoja alipaka nusu ya nguzo inayotazama kwao, na mwiko ulikuwa mmoja: brashi isivuke. Wakimaliza hukaa chini kutukanana mpaka chokaa ikauke.

"Nchi yenu imepinda, shemeji."

"Imepinda kwa kuwabeba nyinyi."

Enzi hizo ulikuwa utani wa watu wanaolingana. Kisha jirani wakanunua vifaru, wakapata rafiki mkubwa ng'ambo, na ghafla ramani za zamani zikaanza kuwawasha. Nchi mbili zikitoshana nguvu, mpaka hulala fofofo. Moja ikinenepa, kitanda hakitoshi.

Mwaka huo shemeji hakutokea. Dada akapiga simu.

"Kaka, mgongo umemkamata, hata kujigeuza hawezi. Na mkaguzi wao yuko njiani. Akikuta nguzo chafu, kazi hana."

Chokaa akaziangalia zile nusu za shemeji zilizoota ukungu. Akazipaka.

Askari wa jirani walikuwa wamepewa darubini mpya, na darubini mpya lazima ione kitu. Jioni redio yao ikatangaza kwamba adui amevuka mpaka na kuweka alama zake. Ndoo moja ya chokaa! Lakini anayetafuta ugomvi hakosi sababu; wangekosa chokaa, wangetumia mbuzi.

Chokaa akaitwa kwa mkuu wa wilaya, ambaye maneno alishayaandaa.

"Fundi, sema shemeji yako ndiye aliyekutuma. Ni mtego wao wenyewe, sisi tunatoka safi."

"Na yeye?"

"Yeye ni wa kwao. Watajuana."

Chokaa alikujua huko kujuana. Mtu akishaitwa msaliti redioni, wanaomfuata hawapigi hodi.

"Hakunituma mtu. Chokaa ilibaki, nikaona uvivu kushuka nayo."

"Unataka tuonekane wajinga?"

"Mheshimiwa, hilo sikulianza mimi."

Kazi ikaishia hapo. Vita vikaja vilevile, maana vifaru havikununuliwa vifugwe. Wakubwa walipotia saini amani, mstari ulikuwa umeteremka kilima na kupita mbele ya nyumba ya Chokaa, naye akaamka raia wa kule bila kuhamisha hata kigoda.

Asubuhi hiyo dada alikuja kwa miguu, hakuna aliyemuuliza cheti, mumewe akijikongoja nyuma na fimbo. Wakasimama mlangoni, wasijue watoe pole au hongera.

"Karibuni," Chokaa akasema.

"Karibu wewe," akajibu shemeji. "Ndiwe uliyekuja kwetu."

Dada akamkanyaga mguu. Chokaa akavuta kiti kimoja chenye egemeo, akakipangusa vumbi, akampa mwenye mgongo mbovu.